Pointi nyingi kachukua yeye, kombe kabeba mwingine: jibu kwa dada wa Moshi kuhusu fainali ndefu za tenisi

Dada mmoja wa Moshi, pande za Pasua, kaniandikia hivi, nimefupisha kidogo: "Kocha shikamoo. Sisi huku tuna kikundi chetu cha kufuatilia tenisi, tulinogewa na ile fainali ya Paris ya 2025, Alcaraz na Sinner. Mpaka leo tunabishana. Kuna mtu kaleta takwimu kwamba Sinner alichukua pointi 193 na Alcaraz 192, sasa mwenye pointi nyingi anakosaje kombe? Halafu alikuwa na pointi tatu za ubingwa mkononi, ilikuwaje akashindwa kumalizia? Na la mwisho, mechi ikishavuka masaa matatu wengi wetu tunapotea, tunashangilia tu bila kujua nani yuko juu. Tufuatilieje?"

Marahaba mdogo wangu, na wasalimie wote hapo Pasua. Umeuliza vitu vitatu ila kwa kweli ni kitu kimoja, maana ukishaelewa kwa nini Sinner alikosa kombe na pointi zake 193, hayo mengine yanafunguka yenyewe.

Tenisi haijumlishi pointi. Nalikazia hili kwa sababu hata watoto ninaowafundisha hapa Arusha, wanaoshika raketi kila wiki, wakianza wanadhani kila pointi unayochukua unaiweka akiba. Hakuna akiba. Pointi zinakupa gemu, na gemu ikiisha zimefutwa zote, zako na za mwenzio, mnaanza upya sifuri kwa sifuri. Gemu zinakupa seti, seti ikiisha nazo gemu zimefutwa. Kinachobaki ni seti tu, na kwa wanaume kwenye yale mashindano manne makubwa, Melbourne, Paris, Wimbledon na New York, ukipata seti tatu mechi imeisha, wanawake mbili.

Hebu chukueni daftari mpige hesabu hii. Seti moja, yuko A na yuko B. A anashinda gemu nne na zote anashinda bila kuachia kitu, pointi nne kwa sifuri (ubao unazihesabu 15, 30, 40, ya nne ndo gemu), hapo kakusanya 16 na mwenzie hana hata moja. B anashinda gemu sita lakini kila moja kwa jasho, wamefika 40-40, yaani dyusi, ndo akavuta mbili za mwisho, kwa hiyo kila gemu ni tano kwa tatu. Jumlisha. A ana 16 na 18, jumla 34. B ana 30. Na seti kachukua B, 6-4, bila ubishi wowote. Ni kama timu kwenye ligi inampiga mtu tano bila wiki hii halafu inafungwa moja bila mechi mbili zinazofuata, magoli inayo mengi ila msimamo unamcheka.

Kwa hiyo huyo mwenzenu aliyeleta takwimu hajadanganya, na pointi 193 kwa 192 kwenye mechi ya masaa 5 na dakika 29 maana yake hawa watu walikuwa sawasawa kabisa. Lakini Paris siyo hata mfano mkali. Nendeni fainali ya wanaume ya Wimbledon, London, 2019, tarehe 14 Julai, Federer na Djokovic. Federer alichukua pointi 218, Djokovic 204. Gemu Federer 36, Djokovic 32. Aces, yaani mipira ya kuanzishia ambayo mpokeaji haigusi kabisa, Federer 25 na mwenzie 10. Mpaka seti ya nne Djokovic hajapata hata nafasi moja ya kumbreki, yaani kumnyang'anya gemu ambayo yeye ndo anasevu, anaanzisha mpira. Na kombe kabeba Djokovic, 7-6, 1-6, 7-6, 4-6, 13-12, masaa 4 na dakika 57, ndo fainali ndefu kuliko zote Wimbledon. Ukiangalia hizo namba utaona ujanja uko wapi: seti tatu zilizofika tai-breki, yaani gemu ya kuamua seti wakiwa wamelingana gemu, zote kachukua Djokovic, na zile mbili alizopoteza moja aliiachia kabisa 1-6. Federer alishinda kwa wingi pale ambapo wingi haumsaidii, Djokovic kashinda kwa kidogo mara tatu, na tatu ndo zilizokuwa zinatakiwa.

Sasa hapo ndo penyewe. Pointi hazina uzito sawa. Pointi ya 40-0 ukiipoteza hakuna aliyelia, bado una mbili mkononi. Pointi ya 30-40 ukiipoteza wakati unasevu umebrekiwa, na seti nzima inaweza kuwa imeondoka. Mtazamaji anayejua tenisi huwa hajui pointi nyingi kuliko wewe, ila anajua ipi ya kushika pumzi na ipi ya kumgeukia jirani mpige stori.

Nije kwa Sinner na zile pointi tatu, maana hapa nina maoni yangu na sikubaliani na wengi. Watu wanasema alizichezea. Turudi nyuma. Seti mbili za kwanza zake, 6-4 na 7-6, na mpaka anafika fainali hajapoteza seti hata moja mashindano yote. Alcaraz kachukua ya tatu 6-4. Seti ya nne Sinner anaongoza 5-3 na Alcaraz anasevu, 0-40. Pointi tatu za ubingwa, yaani akichukua hata moja tu mechi imeisha. Lakini angalieni nani mwenye mpira mkononi! Ni Alcaraz. Kwenye tenisi ya wanaume anayesevu ndo mwenye nafasi kubwa kwenye kila pointi, yeye ndo anachagua mpira uende wapi, kwa kasi gani, mwenzie anajibu tu. Alcaraz akacheza kama mtu ambaye hana cha kupoteza, akatoka shimoni, ikawa 5-4.

Kwangu mimi kombe halikupotea pale. Lilianza kupotea gemu iliyofuata, 5-4, Sinner mwenyewe anasevu, mpira uko mkononi mwake, gemu moja tu awe bingwa wa Paris kwa mara ya kwanza, akabrekiwa. Hiyo ndo gemu mngetakiwa kuibishania. Seti ikaenda tai-breki, Alcaraz 7-3. Mlinganishe na Federer 2019: yeye alikuwa 8-7 seti ya tano, 40-15, ANASEVU. Pointi mbili za ubingwa na mpira mkononi. Ya kwanza fohendi yake, pigo la upande wa mkono wa raketi, ikatoka nje pembeni, ya pili akasogea wavuni Djokovic akampitishia fohendi ya kukatisha uwanja. Hizo mbili za Federer ni nzito kuliko tatu za Sinner, nasema hivyo bila wasiwasi, na mtu akiwaletea ubishi muulizeni swali moja tu, nani alikuwa anasevu.

Hilo swali ndo zana yenu ya kwanza. Niwape mfano niliouona kwa macho. Jioni ile ya tarehe 8 Juni mimi nilikuwa kwenye banda umiza moja Kijenge, mechi ilianza saa kumi ya kwetu, na usiku huohuo saa nne kulikuwa na fainali ya mpira ya Nations League, Ureno na Hispania. Basi kuanzia saa tatu watu wa mpira wakaanza kumiminika, viti vya plastiki vinaburuzwa, wengine wamekaa kwenye kreti za soda, wanakuta seti ya tano inaendelea na mwenye banda keshashika rimoti anatuangalia. Kijana mmoja wa bodaboda, rifleksa bado iko mwilini, akaniuliza kwa hasira kidogo, "hii kitu inaishaga saa ngapi na nani anashinda?" Nikamwambia usiangalie namba zote hizo, angalia kitu kimoja, kuna kialama kidogo pembeni ya jina la mtu, huyo ndo anasevu, akishinda gemu yake hakuna habari, akishindwa ndo habari. Akakaa. Alcaraz anaongoza 5-4 na anasevu ili amalize, Sinner akambreki, 5-5, na yule kijana ndo alikuwa wa kwanza kuruka akapiga kelele "kashindwa ya kwake!" Kuelewa kwenyewe ni huko, hakuna kingine. Saa tatu na nusu ikapita hakuna aliyeomba chaneli ibadilishwe, tai-breki Alcaraz kaenda 7-0 Sinner hajapata kitu, akamaliza 10-2, banda zima limesimama. Hispania ikafungwa baadaye kwa penati lakini hiyo ni habari nyingine.

Kwa hiyo kufuatilia: kila gemu muulizane nani anasevu. Akishinda, mnaendelea na karanga zenu. Akishindwa, andikeni, na duara mzungushie, hiyo ni breki. Mtu mmoja akikaa na daftari akaandika hivyo tu, gemu kwa gemu, hata mkifika saa la tano mtu akirudi kutoka chooni anaangalia daftari anajua mechi iko wapi. Mimi na watoto wangu tunafanya hivyo na wameacha kabisa kuniuliza nani yuko juu. Ndani ya gemu pia kuna pa kushtukia. 15-30 na 30-30, hapo acheni simu. Na anayesevu akikosa ya kwanza, mkasikia ule mlio wa mpira umegonga wavu, angalieni kwa makini sevu ya pili, maana ya pili inakuja taratibu zaidi na anayepokea anasogea mbele kuitandika. Mechi ndefu nyingi zinaamuliwa kwenye sevu ya pili ya mtu aliyechoka. Akiikosa na hiyo ni dabo folti, pointi ya bure kwa mwenzie.

Uchovu wenyewe usisubiri mtu aanguke ndo uuone. Unaanza miguuni. Mchezaji aliyechoka hapigi magoti chini ya mpira, anainama kiuno, mpira unaishia wavuni. Sevu ya kwanza inaanza kukosa kwa sababu kuruka kunatoka kwenye mapaja. Anaanza kutaka kumaliza haraka, anapiga dropu shoti, ule mpira mfupi wa kuangukia karibu na wavu, mahali ambapo hakuna sababu ya dropu shoti. Anatumia muda wote anaopewa kati ya pointi na pointi, sekunde 25, taulo, anagongagonga mpira chini. Mkiona hivyo kwa mmoja na mwenzie anatembea haraka kwenda kupokea, mnajua upepo unavuma upande gani kabla ubao haujaonyesha. Na kuna jambo dogo watu hawalijui, mipira inabadilishwa, mara ya kwanza baada ya gemu 7 halafu kila baada ya gemu 9, na utamwona anayesevu ananyanyua mpira kumwonyesha mwenzie kwamba huu ni mpya. Mpira mpya unakimbia zaidi, kwa hiyo anayesevu kwa nguvu anafaidi gemu hiyo.

Uwanja nao unabadilisha maana ya breki. Paris ni udongo mwekundu, mpira ukidunda unapungua kasi na unapanda juu, anayepokea anapata muda, breki zinatokea kila saa, kwa hiyo mtu akiongoza kwa breki moja Paris msiende kulala. Wimbledon ni nyasi, mpira unateleza chini, breki ni adimu, moja tu inaweza kuwa seti. Fainali ya Wimbledon ya 2008 Federer alipata nafasi 13 za kumbreki Nadal akaitumia 1 tu. Moja kwa kumi na tatu! Nadal kachukua 6-4, 6-4, 6-7, 6-7, 9-7, masaa 4 na dakika 48, mvua imewasimamisha mara mbili, wanamaliza giza linaingia London kwa sababu uwanja ule ulikuwa bado haujawekwa paa, kwetu inakaribia saa tano na robo usiku. Na Federer alikuwa ametoka kushinda Wimbledon tano mfululizo. Hiyo mechi kama hamjaiona yote itafuteni, mimi kwangu bado ndo ya kwanza, hata Paris 2025 haijaipita, ingawa imeikaribia sana.

Mkiangalia hizo za zamani msichanganyikiwe na seti ya tano. Kila shindano lilikuwa na sheria yake. 2008 Wimbledon hakukuwa na tai-breki seti ya mwisho, mnaenda mpaka mtu amzidi mwenzie gemu mbili, ndo maana 9-7. 2019 wakaweka tai-breki ikifika 12-12, baada ya nusu fainali ya mwaka mmoja kabla, Anderson na Isner, kufika 26-24. Tangu 2022 mashindano yote manne makubwa yana sheria moja, ikifika 6-6 seti ya mwisho inachezwa tai-breki ya pointi 10, na lazima umzidi mwenzio mbili. Ndo ile 10-2 ya Alcaraz. Seti nyingine tai-breki ni ya pointi 7.

Najua kuna atakayesema mechi ndefu ndo mechi nzuri. Sikubali. Kuna ndefu zinazochosha kwa sababu wote wawili wanaogopa. Nzuri ni ile ambayo kila mmoja amepata mahali pa kumaliza na mwenzie akamkatalia. Australia 2012, Djokovic na Nadal, masaa 5 na dakika 53, hakuna fainali ya mashindano makubwa iliyowahi kufika huko, na seti ya tano Nadal alikuwa 4-2, 30-15, uwanja uko wazi mbele yake, bekhendi, pigo la upande wa pili wa fohendi, nyepesi kabisa kwa mtu kama yeye, ikatoka nje. Djokovic kambreki, kashinda 7-5. Kwenye kupewa vikombe hotuba zinaendelea wameinama wanashika magoti, mpaka wakaletewa viti. Na Djokovic siku mbili kabla alikuwa amecheza na Murray masaa 4 na dakika 50.

Na wanawake msiwaache, maana naona kikundi chenu mmetaja wanaume tu. Seti ni mbili za kushinda lakini ukali uleule. Tafuteni Madrid 2024, Swiatek na Sabalenka, 7-5, 4-6, 7-6, masaa matatu na dakika 11, Swiatek akaokoa pointi tatu za ubingwa. Madrid wako juu kidogo kutoka usawa wa bahari, kama mita 650, na wachezaji wanalalamika mpira unaruka sana. Sisi Arusha tuko kwenye mita 1,400, watoto wakipanda kutoka Moshi kuja kucheza huku siku ya kwanza mipira yao yote inatoka nje ya mstari wa nyuma wanadhani wamesahau kucheza, kumbe ni hewa tu imekuwa nyepesi. Nyie huko chini mpira unawatii zaidi, mlijue hilo mkianza kucheza.

Jambo moja la kikundi. Wekeni sheria kwamba wakati wa mechi hakuna mtu kufungua livescore wala kuandika matokeo kwenye grupu la WhatsApp. Anayeangalia kwa bando anachelewa nyuma ya mwenye king'amuzi, na livescore mara nyingi inawatangulia wote, kwa hiyo mtu anapiga yowe wakati wengine hata sevu hawajaiona, mnaharibiana pointi yenyewe ambayo mmekaa masaa manne kuisubiri. Umeme ukikatika hapo sawa, mtu mmoja afungue asome kwa sauti, na daftari liendelee.

Masaa ya kwetu ndo haya mpange kazi zenu. Melbourne, fainali ya wanaume inaanza kama saa tano na nusu asubuhi, mwishoni mwa Januari au siku za kwanza za Februari. Paris Juni, saa kumi jioni. Wimbledon Julai, zamani ilikuwa saa kumi, 2025 wamesogeza mpaka saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo andaeni masweta maana mnajua baridi ya Julai huku kwetu, na ikienda seti tano mtamaliza usiku kabisa. New York Septemba ndo ya mateso, 2025 fainali ya wanaume ilipangwa kuanza saa tatu usiku, na kesho yake ni Jumatatu. Wa kushika daftari siku hiyo mchagueni mapema, awe mtu ambaye Jumatatu hana zamu ya asubuhi.